Mdogo Wangu Amenipita Kimo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah aliyetuumba akatupa sura kama alivyotaka Yeye, si kama tulivyotaka sisi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na swahaba zake.



Nina umri wa miaka 24 na kimo changu ni sentimita 158. Naanza na tarakimu hizi mbili kwa sababu ya kwanza siioni haya kuitaja, lakini ya pili nimeificha kwa miaka mingi. Nimeikwepa katika picha za darasa kwa kuchuchumaa mbele. Nimeikwepa kwenye taksi kwa kuwahi kuketi. Na mwaka jana nilijaribu kuificha kwa pesa.

Ilikuwa mwezi mmoja hivi kabla ya Ramadhani. Nilinunua viatu vyenye soli nene, vya aina inayomwinua mtu kama sentimita tano. Siku za Jumamosi na Jumapili mimi hufundisha madrasa katika msikiti mmoja hapa Ntinda. Wanafunzi wa darasa la juu ni vijana wa miaka 15 na 16. Wengine wanatoka kwenye nyumba zenye geti kule Ministers' Village, wengine kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Niliwapokea wakiwa wananifikia kifuani. Leo karibu wote wamenipita. Basi Jumamosi ile nilisimama nao uani nikiwa ndani ya viatu vyangu vipya, nikajihisi mtu miongoni mwa watu.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Tukaelekea mlangoni. Na mlangoni mwa msikiti, kama mjuavyo, viatu huvuliwa.

Kijana mmoja alinitazama, akavitazama viatu, akasema, "Ustadhi, mbona nusu yako imebaki nje?" Hakuwa na nia mbaya. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaingia, nikasimama mbele, nikawaswalisha. Wallahi hadi leo sikumbuki baada ya Fatiha nilisoma sura gani. Mwili wangu ulikuwa umeelekea kibla, moyo wangu ulikuwa umebaki mlangoni juu ya ile soli.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naomba tulifikirie pamoja. Mtu huona aibu kwa kosa alilolitenda. Kimo changu sikukitenda, sikukichagua, wala hakuna siku nilipokosea ndipo kikawa hivi. Kwa nini basi nakionea aibu? Na aibu hiyo, je, ina haki yoyote mbele ya akili na mbele ya dini?

MKUBWA NI NANI?

Kwanza tuseme ukweli kwamba si ufupi wenyewe uliokuwa ukinichoma. Nimekaa na watu wazima warefu kuliko mimi tangu utotoni, sikuumia. Shehe wangu aliyenisomesha Ajurumiya ni mrefu kama mnara, na kumtazama kwa kuinua shingo kulikuwa kunanipendeza. Kilichonichoma ni kupitwa na wadogo zangu. Ndugu yangu wa tumbo moja ana miaka 17 na sentimita 181. Nilimbeba mgongoni. Sasa akisimama karibu nami watu humsalimu yeye kwanza, kisha huuliza, "Na huyu mdogo wako anasoma darasa la ngapi?"

Nadhani sehemu ya maumivu haya imo ndani ya lugha. Kwa Kiswahili tunasema "mkubwa" kwa aliyetangulia kuzaliwa, na "mkubwa" kwa aliye na mwili. "Mdogo wangu" ni aliyenifuata, na "kitu kidogo" ni kisicho na kimo. Maneno mawili tumeyafunga kamba moja. Hivyo nikisema "mdogo wangu ni mkubwa kuliko mimi" sentensi yenyewe inapepesuka, na mwenye kusikia hucheka kabla sijamaliza. Hapa Buganda mambo ni hayohayo, tena yanaonekana kwa macho: heshima ni kujishusha. Binti humpigia magoti mzazi wake anapomwamkia, na anayeheshimiwa hubaki juu. Sasa mkubwa ambaye Allah hakumpa kimo atabakije juu?

Kiarabu nacho kina fundo hilihili. "Akbar" ni mwenye umri zaidi, na "akbar" ni mtukufu zaidi. Imepokewa kwamba Al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume, aliulizwa nani mkubwa, yeye au Mtume wa Allah. Akajibu kwamba Mtume ndiye mkubwa kuliko yeye, ila yeye alitangulia kuzaliwa. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Abbas hakukataa umri wake, wala hakuufanya umri uwe cheo. Alizitenganisha maana mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja, kila moja akaiweka mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuifanya katika makala haya: kutenganisha kimo na ukubwa, bila kudanganya kwamba kimo hakipo.

SIKUPUNGUA HATA KIDOGO

Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa na sentimita 158. Leo nina 158 zilezile. Hakuna kilichoondoka mwilini mwangu. Waliokuwa wafupi kuliko mimi walikua, basi. Kama upungufu ungekuwa ndani yangu ungekuwepo hata siku nilipokuwa wa kwanza kwa urefu chumbani. Upungufu ambao hutokea kwa sababu jirani amepata, na hutoweka jirani akihama, huo si upungufu wa mtu. Ni hesabu anayoifanya mtu.

Mtu anaweza kunijibu: "Ndugu, utajiri na umaskini navyo ni hesabu za kulinganisha, lakini maskini hulala njaa." Ni jibu zito na silipuuzi. Ni kweli kwamba ufupi una gharama zake. Wapo wazazi wanaoangalia kimo cha mchumba kabla ya kuuliza dini na tabia yake. Yapo matangazo ya kazi yanayotaja sentimita. Na dada zetu wanajua kwamba jambo hili lina pande mbili, maana msichana mrefu naye huambiwa kwamba atakosa wa kumwoa. Lakini tazameni gharama hizo zinatoka wapi. Njaa ya maskini inatoka tumboni mwake, hata dunia nzima ikimheshimu bado ataisikia. Gharama ya ufupi inatoka kwenye macho ya watu, na macho yakibadilika inaondoka. Basi tatizo lipo, ni la kweli, ila tumelipeleka kwa daktari asiyehusika. Tunautibu mwili wakati mgonjwa ni jicho.

Na kama ni kulinganisha, mbona tunaishia kwa jirani? Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametujulisha kwamba Adam (a.s.) aliumbwa akiwa na urefu wa dhiraa 60, na kwamba viumbe wameendelea kupungua baada yake. Dhiraa 60 ni karibu mita 27. Mbele ya kimo hicho, mimi na yule kijana mrefu kuliko wote Ntinda tumo katika kundi moja la wafupi, na sentimita 20 zinazotutenga hazionekani. Anayetaka kujivunia urefu ajipime kwa baba yake kwanza.

KIMO KATIKA QUR'ANI

Mwenzangu mmoja hapa chuoni, ambaye ni mrefu na anajua kwamba ni mrefu, alinipinga kwa aya. Alinikumbusha kisa cha Talut katika Suratul Baqarah, aya ya 247. Wana wa Israili walipolalamika kwamba mfalme wao hana mali, waliambiwa kuwa Allah amemteua na amemzidishia ukunjufu wa elimu na wa mwili. "Umeona?" akasema. "Mwili umetajwa kuwa ni sifa."

Sikatai. Mwili ni neema, na kuikana neema ili tu mfupi afarijike ni uongo. Lakini aya hiyo inataka kusomwa kwa utaratibu. Elimu imetangulia, mwili umefuata. Na Talut alikuwa anapelekwa vitani kuongoza jeshi, kazi ambayo mwili ni chombo chake. Chombo husifiwa kwa kazi. Jembe refu si bora kuliko jembe fupi kwa kuwa refu tu, ni bora kwa shamba linalolihitaji.

Tena si Talut peke yake. Katika Suratul A'raf, aya ya 69, Hud (a.s.) anawakumbusha watu wa Ad kwamba Allah amewazidishia katika umbo. Waliipewa neema hiyohiyo, wakajivuna nayo, na mwisho wao mnaujua. Katika Suratul Munafiqun, aya ya 4, wanafiki wanaelezwa kuwa na miili inayompendeza mtazamaji, kisha wanafananishwa na mbao zilizoegemezwa ukutani: zimesimama wima, ndefu, wala hazina kazi. Na katika Suratul Israa, aya ya 37, anayetembea kwa maringo anaambiwa kwamba hataipasua ardhi wala hatafikia milima kwa urefu.

Ukiziweka aya hizi pamoja unaona jambo moja. Yupo mrefu aliyekuwa mfalme mwema, wapo warefu walioangamia, na wapo warefu waliokuwa kama mbao. Kimo hakikuwaokoa wala hakikuwaangamiza, ni walichokifanya nacho. Kwa hiyo mrefu ataulizwa alivyoutumia urefu wake, na mfupi hataulizwa kwa nini hakuwa nao. Tukiitazama hivyo, mwenye hesabu nzito ni yupi?

NENO LINALOCHAFUA BAHARI

Dini yetu haikunyamaza kuhusu ufupi wenyewe. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Bibi Aisha (r.a.) siku moja alimtaja Bibi Safiya (r.a.) mbele ya Mtume kwa neno la kuashiria kwamba ni mfupi. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Tulizoea kuisoma hadithi hii katika mlango wa kusengenya, tukapita. Safari hii naomba tusimame. Safiya alikuwa mfupi kweli, hivyo halikuwa neno la uongo. Wala Bibi Aisha hakumtukana kwa matusi. Aliutaja ukweli wa mwili wa mtu kwa nia ya kumshusha, na ukweli huo ukageuka sumu ya kutosha bahari nzima. Ukweli peke yake hauhalalishi neno.

Imepokewa pia kuhusu Abdullah bin Mas'ud (r.a.), ambaye alikuwa mfupi na mwembamba sana, kiasi kwamba akisimama alikuwa karibu sawa na mtu aliyeketi. Alipanda mti wa mswaki, upepo ukaipeperusha nguo yake, swahaba wakaiona miguu yake myembamba wakacheka. Mtume akawauliza wanachekea nini, kisha akawaapia kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Angalieni: hakusema kwamba miguu hiyo si myembamba. Hakumwambia Ibn Mas'ud ajikaze. Aliwageukia waliocheka, akawabadilishia kipimo. Na huyu ndiye ambaye Mtume aliwaambia watu wachukue Qur'ani kutoka kwake.

Tukiacha kipimo cha mizani tukachukua cha futi, tunafika pabaya haraka. Mwaka 1904 Mmbuti mmoja kutoka Kongo, Ota Benga, alipelekwa St. Louis, Marekani, kuonyeshwa katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na watu wakaja kumtazama. Wachungaji Weusi wa mji huo ndio waliosimama kupinga hadi akatolewa. Hakurudi kwao tena. Mwaka 1916 alijiua. Na hapa kwetu Uganda, Batwa walioishi katika misitu ya kusini magharibi waliondolewa Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na hadi leo wengi wao hawana ardhi. Watu waliotamka "wale wafupi wa msituni" kwa kucheka hawakuona ugumu kuwaacha bila ardhi. Mzaha wa mlangoni na dhulma ya aina hii si kitu kimoja, najua. Lakini mbegu ni moja: kudhani kwamba mwili mdogo una mtu mdogo ndani yake.

Hapa lazima nijishtaki na mimi. Kwa miaka mingi nimejitania mwenyewe kabla wengine hawajanitania. Nilikuwa najiita "omumpi" mbele ya watu, wakicheka nahisi nimeshinda. Nikajidanganya kwamba huo ni unyenyekevu. Unyenyekevu ni kuiona haki ya mwenzako na kutojiona juu yake. Mimi nilikuwa nafanya biashara: nauza heshima ya umbo la Allah ninunue kicheko, ili nisiumizwe. Isitoshe, nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba neno hilo ni halali. Yule kijana wa mlangoni alilitoa wapi? Alilitoa kwangu.

MAMA ALINYAMAZA

Idi iliyopita tulikutana nyumbani kwa wazazi. Tukapiga picha ya familia. Mdogo wangu akaniwekea mkono begani, nami kwa mazoea yangu nikasema, "Mama, uji wako wote alikunywa huyu." Wakacheka wote isipokuwa Mama.

Usiku, watu walipolala, aliniita jikoni. Akaniambia, "Mwanangu, nilipokuwa nakunyonyesha wewe, baba yako hakuwa na kazi. Tulikuwa Busia. Kuna siku nilikunywa chai ya rangi tu, maziwa yakakauka. Ulipoanza kula nilikupa uji wa muhogo mtupu, kwa sababu ndio uliokuwepo. Huyu mwenzio alizaliwa baba ameshapata gereji hapa Ntinda. Alikunywa maziwa, alikula mayai. Kila unapoutaja ule uji mimi nasikia unaniuliza kwa nini."

Sikuwa na la kujibu. Miaka yote ile nilidhani mzaha ule unanihusu mimi peke yangu.

Baadaye nilikwenda kusoma. Wataalamu wanasema kwamba kimo cha mtu hutegemea sana urithi wa wazazi, lakini lishe na maradhi ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, huamua kama atafikia kile alichoandikiwa na urithi huo. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Uganda walikuwa wamedumaa. Tooro, ambako migomba imejaa, walikuwa 41 katika kila 100, kwa maana tumbo kushiba si lazima mwili upate unachohitaji. Na mwaka huohuo watafiti wa kimataifa wa NCD-RisC walichapisha vipimo vya vimo vya nchi 200 kwa waliozaliwa kati ya 1896 na 1996. Wanawake wa Korea Kusini walikuwa wameongezeka karibu sentimita 20 katika miaka hiyo 100, wanaume wa Iran zaidi ya sentimita 16. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi chache ambako wastani ulishuka katika miongo ya karibuni.

Basi hao vijana warefu ninaowaona Ntinda si kizazi kizima cha Uganda. Ni watoto wa nyumba zilizopata chakula. Urefu wa mdogo wangu ni maziwa ambayo Mama aliyaomba kwa Allah miaka ile ya Busia na yakachelewa kufika. Nikiuonea wivu urefu wake, ninaionea wivu dua ya mama yangu kwa kujibiwa.

Kama ufupi wangu ulitokana na ule uji au na urithi wa baba, ambaye naye si mrefu, siwezi kujua, na nimegundua kwamba sina haja ya kujua. Mtume (s.a.w.) alitukataza kusema "lau ningefanya hivi ingekuwa vile", kwa kuwa neno hilo hufungua kazi ya shetani, akatufundisha tuseme Allah amekadiria. Nilimwambia Mama hivyo usiku ule, nikamwomba radhi. Lakini tuwe waangalifu. Kadari ni jibu la yaliyopita. Haikuwekwa kuwa kisingizio cha yajayo. Mtoto anayedumaa leo katika vyumba vya nyuma ya soko hatuwezi kumwambia "imekadiriwa" na huku tunamwaga pilau lililobaki baada ya futari ya jumuiya yetu. Kwa yaliyopita tunaridhika, kwa yaliyo mbele tunaulizwa. Kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakozaa ama manung'uniko ama uvivu.

NA VILE VIATU?

Huenda unajiuliza nilivifanya nini. Nilitaka kuvitupa, kisha nikasoma hadithi katika Sahih Muslim kuhusu mwanamke mfupi wa Bani Israili aliyekuwa akitembea na wanawake wawili warefu. Akajitengenezea miguu ya mbao ili asitambulike kati yao. Imam Nawawi, katika kuisherehesha, alieleza kwamba kama alikuwa na lengo sahihi, mfano kujisitiri asijulikane akaudhiwa, hapana ubaya. Kama alitaka kujionyesha na kuwahadaa watu, ni haramu. Kwa hiyo mbao hazikuhukumiwa kwa sentimita zake. Zilihukumiwa kwa nia.

Nikajipima kwa kipimo hicho. Sikuwa na adui wa kujificha. Nilitaka vijana wa miaka 15 wadhani kwamba mimi ni mwingine. Kosa langu halikuwa soli. Kosa lilikuwa kwamba heshima ya mwalimu, ambayo niliipata kwa miaka ya kukaa chini mbele ya mashehe, niliikabidhi kwa kipande cha mpira ambacho lazima kiachwe mlangoni kila inapoadhiniwa. Viatu bado ninavyo. Navivaa mvua ikinyesha, maana njia za Ntinda tunazijua. Mtu anayevaa viatu virefu kwa sababu anavipenda, simlaumu. Ajiulize tu swali moja: nikivivua, nitabaki na nini?

Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha Amr bin Salima (r.a.), mtoto wa miaka sita au saba aliyewaswalisha watu wa kabila lake kwa sababu ndiye aliyekuwa amehifadhi Qur'ani zaidi kuliko wote. Nguo yake ilikuwa fupi hata akisujudu inapanda, watu wakamnunulia kanzu. Wazee wale walisimama nyuma ya mtoto. Hawakumwambia akue kwanza. Walipoona nguo fupi walishona nguo ndefu, hawakumtafutia imamu mrefu.

Jumamosi iliyofuata Idi nilirudi madrasa nikiwa na makubadhi yangu ya siku zote. Nilimwita yule kijana, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mimi ndiye niliyeanza kulitaja umbo langu kwa dharau, kwamba nimetubia, na kwamba kuanzia siku hiyo katika darasa letu hakuna wa kumwita mwenzake kwa umbo: si mfupi, si mrefu, si mnene, si mweusi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, Ustadhi." Tukasoma hadithi ya Bibi Safiya. Kisha tukaingia kuswali.

Nilipogeuka kuwaambia wanyooshe safu nililiona jambo ambalo nimelisema mara mia bila kulisikia. Tunaamrishwa kusawazisha mabega na visigino. Mabega ya mrefu na mfupi hayawezi kulingana kwa juu hata wafanyeje, yanalingana kwa mstari, hakuna anayetangulia wala anayebaki nyuma. Vichwa havikutajwa. Na tulipofika kwenye sijida, paji langu la uso na la yule kijana mrefu yalikuwa juu ya zulia moja, kwa kimo kimoja. Safari hii nakumbuka nilichosoma.

Siwadanganyi kwamba moyo umepona wote. Wiki iliyopita kondakta wa taksi aliniita "kijana" na mdogo wangu akamwita "ssebo", nikasikia kile kichomi cha zamani. Ila sasa nakijua kinakotoka, na nikikijua hakinipeleki mbali. Nikashuka steji ya Ntinda, mdogo wangu akashuka nyuma yangu akiwa amebeba mfuko wa Mama wa unga na maziwa, nikamwachia aubebe. Mabega anayo.

Ewe Mola wetu, kama ulivyotutengenezea maumbo yetu vizuri, zitengeneze na tabia zetu. Uwape watoto wa nchi hii maziwa na mayai, uwaridhie mama zetu, na utukutanishe katika Pepo ambayo Mtume wako ametubashiria kwamba kila atakayeingia atakuwa kwa umbo la baba yetu Adam. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.